Waliofia Koboko Bila Kusomwa

Hajati Mastura alifariki Koboko mwezi uliopita. Habari niliipata kwenye simu, ujumbe wa mjukuu wake, mistari miwili tu. Nilifika siku ya hitima, nikaketi mkekani pamoja na wazee nisiowajua, nikala pilau yangu mpaka mmoja wao, aliyevaa kofia ya kushonwa kwa mkono, akaniuliza kwa upole, "Na wewe ni nani ya Hajati?" Sikuwa na jibu la neno moja. Si mwanawe, si mkwe, si jirani. Nilifanya naye kazi miezi michache, zaidi ya miaka kumi na tano iliyopita, na katika miezi hiyo nilimwona uso kwa uso mara tatu. Nikasema, "Tulikuwa redio pamoja." Mzee akatikisa kichwa, akanisogezea sinia, na mazungumzo yakaendelea kwa Kinubi, lugha yao, bila mimi. Jibu lenyewe ni refu, na sijawahi kulisema lote. Mwaka ule kosa la mkono wangu lilizuia tangazo la kifo lisisomwe, na mwanamke aliyekuwa akinilisha kila jioni akakosa kumzika kaka yake wa pekee. Aliyelaumiwa ni Hajati. Aliyejua ukweli ni mimi, na ilinibidi nichague kusema au kunyamaza.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilitoka upande wa mashariki wa nchi, na kuhusu nyumbani hilo latosha. Redio moja ya Arua, ambayo jina lake naliacha, iliniajiri niwatengenezee kompyuta zao, na kwa kuwa nyumba za mjini zilinishinda kodi nikapanga chumba Pajulu, nje kidogo ya mji, katika boma la mjane mmoja aliyeitwa Mama Ayiko. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, meza iliyopungukiwa kimo mguu mmoja, na dirisha la mbao lililotazama shamba la mihogo. Kilugbara sikukijua. Watu wakicheka sokoni nilidhani wananicheka mimi, na mara nyingine nilikuwa sikosei. Sina aibu kusema kwamba nilikuwa mpweke kupita kiasi. Kuna Jumapili nilizokaa kitandani tangu asubuhi nikisikiliza boma zima likienda kanisani na kurudi, bila mtu kugonga mlango wangu. Kilichoniokoa ni sahani ya jioni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: Mama Ayiko hakunipa jembe, alinipa ungo wa karanga nimenye, nami nikalipwa kwa enyasa, ule ugali wao wa mtama na muhogo, pamoja na majani ya kunde yaliyopikwa kwa simsim. Tulikula mlangoni pa jiko lake, yeye kwenye mkeka na mimi kwenye kigoda, na katikati yetu redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisichomoke.

Kila siku saa moja jioni yalisomwa matangazo ya vifo. Mtu ambaye hajaishi West Nile hawezi kujua uzito wa nusu saa ile. Mtu akifa leo huzikwa kesho, na jamaa zake wametawanyika: mmoja Vurra mpakani, mwingine Ludara shambani, wa tatu ameolewa mbali. Familia hutuma mtu kwenye ofisi ya redio na majina, na jioni msomaji huyataja moja moja: habari zimfikie fulani wa mahali fulani, dada wa marehemu, na fulani, mjomba wa marehemu. Asiyefika mazishini baada ya kutajwa redioni hana la kujitetea. Wakati wa matangazo vyungu vilikaa kimya, watoto walinyamazishwa, hata walevi walishusha sauti. Msomaji akimaliza, Mama Ayiko alizima redio kutunza betri, akisema, "Basi, tulale."

Kabla sijafika, matangazo ya Koboko, mji wa mpakani ambako redio ilikuwa na ofisi ndogo, yalikuja kwa karatasi, yamefungwa kwenye bahasha na kupewa dereva, na wakati mwingine dereva aliyasahau mfukoni. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukomesha jambo hilo. Nilitengeneza ukurasa wa kufungua kwenye kivinjari cha kompyuta, ukiwa na visanduku vya kujaza: jina la marehemu, mahali, wajane, watoto, ndugu, siku ya mazishi. Mwandishi wa Koboko akibonyeza "Tuma", skripti yangu, programu ndogo iliyofanya kazi nyuma ya ukurasa, ilikusanya maneno yaliyo kwenye visanduku, ikayaunga yakawa tangazo kamili, ikalipeleka Arua likatokea mbele ya msomaji. Niliuonea fahari ukurasa ule kama mtoto anavyojionea fahari kwa viatu vipya. Mwandishi wa Koboko alikuwa Hajati Mastura, mama wa makamo aliyejifunza kuchapa kwenye mashine ya zamani ya ofisi ya kata. Tuliongea kwa simu karibu kila siku. Wiki ya kwanza alinipigia akasema, "Fundi, huku kuna mzee alikufa, iko na bibi wane. Wewe naweka kisanduku moja." Nikacheka, nikaongeza kitufe cha kuzidisha safu, na kingine cha kuondoa safu iliyozidi. Nilivibandika kwenye kila sehemu ya ukurasa, maana ilikuwa rahisi kuliko kuchagua.

Mwezi wa tatu hivi simu zake zikabadilika. "Fundi, kitu yako iko nakula watu," alisema. "Mimi natuma, yeye nasema asante, tangazo imepokelewa, alafu jioni hapana soma." Jioni yenyewe yeye alikuwa kwenye swala, akayajua mambo haya kesho yake tu, wenye msiba walipokuja ofisini kulalamika. Nikamwambia anisomee tangazo kwenye simu, nikalichapa mwenyewe Arua, likapita bila tatizo. Likatokea la pili, nikafanya hivyo hivyo, likapita. Nikajaribu majina ya uongo, nikamzika mtu asiyekuwepo mara ishirini, nikaacha visanduku vitupu, nikaandika vistari, nikaandika upuuzi. Ukurasa ukapokea yote. Basi, kwa akili yangu ya ujana, hesabu ilikuwa wazi: mkono wangu ukituma linafika, mkono wake ukituma halifiki. "Ni mtandao, Hajati," nilimwambia, na siku nyingine, nikiwa na njaa na umeme umekatika, nikamwambia, "Labda unabonyeza vibaya." Akasema, "Pengine, mwanangu." Nikiikumbuka ile "pengine" leo nasikia haya mpaka masikioni. Nyani haoni kundule.

Siku moja katika mwezi ule tulikuwa mlangoni pa jiko kama kawaida. Nakumbuka mlo: samaki mkavu wa mto Nile aliyelainishwa kwa karanga, na Mama Ayiko alinilazimisha kula kichwa kwa kuwa kichwa, alisema, ni cha mtu wa kazi ya kichwa. Msomaji alisoma matangazo saba. La Vurra, la Terego, mawili ya mjini, mengine sikuyashika. Mama Ayiko alisikiliza mkono ukiwa shavuni, na alipotajwa mtu aliyemfahamu kwa mbali alipiga ulimi, "Woi, mama yake alikuwa mutu muzuri." Kisha akaizima redio, akaniongezea mchuzi. Tuliongea juu ya paa langu lililokuwa likivuja. Saa ile ile kule Ludara, upande wa Koboko, kaka yake Lemi, fundi wa baiskeli, alikuwa maiti amelazwa kwenye mkeka na watu wamemzunguka, nao walikuwa wakisema Poni atakuja, Poni amesikia redio. Poni ndilo jina alilopewa Mama Ayiko kwao, kwa Wakakwa, kabla ya kuolewa. Sikulijua jina hilo mpaka baadaye.

Siku nane zilipita. Ya tisa mchuuzi wa tumbaku kutoka Ludara alimkuta Mama Ayiko sokoni akampa mkono, "Pole kwa msiba, mama." Mama Ayiko aliacha viazi vyake pale pale chini, akapanda pikapu ya kwenda Koboko na nguo za sokoni. Majirani aliwaambia anakwenda kumwona mgonjwa. Aliporudi baada ya siku tatu hakuja jikoni. Nilimkuta ameketi kwenye ukingo wa kitanda chake, mlango wazi, na mkononi ana kipande cha karatasi. Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha. "Nilikuta udongo imekauka," alisema. "Wao nasema mimi nasikia redio, nakataa kuja. Nasema mimi nilishika hasira juu ya shamba ya baba. Wajomba hapana nipatia mkono." Karatasi ilikuwa risiti ya tangazo, mwandiko wa Hajati, tarehe ya jioni ile tuliyokula samaki. Familia ilikuwa imemwonyesha kama ushahidi. Wao wenyewe hawakusikiliza. Penye kilio nani anafungua redio? "Wewe iko nafanya kazi kule," akaniambia. "Angalia huko, kama jina ya ndugu yangu ilifika. Kama ilifika, basi masikio yangu ni mbaya. Kama hapana fika, mimi nataka jua nani alizuia."

Nilitafuta kesho yake asubuhi kwenye kompyuta ya studio. Hakukuwa na Lemi. Nikampelekea meneja risiti, naye akaigeuzageuza, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, "Huyu mama wa Koboko amezeeka. Kompyuta haiwezi. Mwezi ukiisha tunamtafuta msichana wa chuo." Ningeweza kusema sijui bado. Badala yake nilisema, "Labda niende nione," na hata hilo nilisema kwa sababu ya Mama Ayiko, si kwa ajili ya Hajati. Nilipanda gari siku hiyo hiyo.

Ofisi ya Koboko ilikuwa chumba kimoja kando ya duka la vitambaa, safi kuliko sebule nyingi nilizowahi kuingia. Kompyuta ilifunikwa kitambaa kilichotariziwa maua, juu ya meza kulikuwa na birika la chai ya tangawizi na sahani ya kisra, ile mikate yao myembamba, chini ya kawa la rangi nne. Hajati alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakunikumbusha maneno yangu ya simu. Alinimiminia chai, akasema, "Fundi, wewe ni mtoto hivi? Kwa simu mimi nafikiri iko mzee." Nikamwomba afanye kazi kama kawaida, mimi nikae nyuma yake nisiseme kitu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, naona aibu kuandika, kumtazama mtu akiutumia ukurasa wangu.

Saa sita akaja mwanamume aliyefiwa na dada yake. Hajati hakukimbilia kompyuta. Alimkalisha, akampa chai, wakashikana mikono muda mrefu wakiulizana habari za marehemu: aliugua nini, alikuwa akiuza nini, alikuwa akiimba kanisani. Ndipo akafungua ukurasa, akachapa jina kwa vidole viwili. "Watoto?" akauliza taratibu. Yule bwana akatazama chini, "Hapana." Hajati hakuandika kistari, wala hakukiacha kisanduku kitupu. Alipeleka kishale kwenye kitufe changu cha kuondoa, akabonyeza, na safu nzima ya watoto ikatoweka kwenye ukurasa. Akafanya vivyo hivyo kwa safu ya wajane, maana hakuwa na mume. Kilichobaki kilikuwa jina, mahali na ndugu, kama kwamba hakuna swali lingine lililowahi kuulizwa. Kisha akageuza kioo kidogo ili yule bwana aone, naye akaona jina la dada yake limekaa vizuri, akafuta macho. Hajati akabonyeza "Tuma". Ukurasa ukasema asante, tangazo limepokelewa.

Alipoondoka nikamuuliza kwa nini ameondoa safu. Alinitazama kama mtu niliyeuliza kwa nini maiti hufunikwa. "Ndugu yake iko hapa naangalia," alisema. "Mimi niandike watoto, alafu niache shimo? Kistari kwa mutu ambaye hapana zaa ni kama kumpiga kofi na amekufa. Sisi hapa hapana fanya hivyo. Kama kitu hakuna, toa swali." Vijana wa ofisi ya Arua, ambao walichapa wakiwa peke yao nyuma ya dirisha la kioo, hawakuwa na mtu wa kumsitiri, waliacha kisanduku kitupu wakaendelea. Na mimi niliyejaribu mara ishirini sikuwahi hata mara moja kufikiria kumstahi marehemu wangu wa uongo.

Nikamwomba kiti. Kivinjari kina dirisha dogo ambalo watumiaji hawalifungui, mahali skripti inapolalamika ikishindwa. Nikalifungua. Mstari mmoja mwekundu ulikuwa pale, na ulikuwa ukitokea pale, nadhani, tangu mwezi wa kwanza: haiwezi kusoma thamani kutoka kwa null. Nieleze kwa asiyejua. Skripti ikitumwa ikalete kisanduku cha watoto na ikakikuta kitupu, hurudi na kisanduku kitupu na kazi huendelea, kama mtu aliyetumwa sahani akarudi na sahani isiyo na chakula. Lakini kisanduku chenyewe kikiwa kimeondolewa, hurudi mikono mitupu, na mikono mitupu hiyo ndiyo wana-kompyuta huiita null. Skripti yangu haikutazama kama imeshika kitu. Iliuliza kilichoandikwa ndani ya kisanduku ambacho hakipo, ikakwama hapo hapo, ikafa bila kutuma lolote. Na neno la asante? Nilikuwa nimeliweka mstari wa juu, kabla ya kutuma, kwa sababu mtandao ulikuwa mzito na sikutaka watu wasubiri. Ukurasa ulishukuru kwanza, ukafa baadaye. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ulikuwa umetokea Ludara.

Hajati alikuwa na daftari la shule ambamo alinakili kila tangazo kwa mkono, kwa kuwa hakuiamini mashine, na alikuwa sahihi. Tuliketi nalo mchana wote, mimi nikilinganisha na orodha iliyofika Arua. Waliopotea walikuwa kumi na mmoja. Kijana aliyezama mtoni. Mtawa wa kike. Mwalimu ambaye hakuoa. Binti wa miaka kumi na minne, maana kwa mtoto pia Hajati aliondoa safu ya watoto. Na Lemi, fundi wa baiskeli wa Ludara. Habari zimfikie, iliandikwa kwa wino wa buluu, dada yake Poni, mke wa marehemu Afeku wa Pajulu. Afeku nilimjua: picha yake ilitundikwa juu ya mlango wa jiko nilipokula kila jioni. Wengine tulipata kuwasikia tulipolalamikiwa, na niliwachapa upya. Mbali na Lemi, sita hakuna aliyewalilia kwetu, na hao hawakusomwa kamwe. Yaani niliandika skripti ambayo, bila mimi kujua, ilimkataa kila mtu aliyekufa peke yake. Mimi mwenyewe, kama ningekufa Pajulu wakati ule, safu zangu zote zingeondolewa.

Kurekebisha kulichukua robo saa. Nikaifanya skripti iangalie kwanza kama imeshika kitu kabla ya kuuliza kilichomo, na nikaishusha asante mpaka baada ya Arua kujibu. Hajati akanitazama nikimaliza. "Sasa ilikuwa mimi ama ilikuwa mashini?" akauliza. "Ilikuwa mimi," nikasema. Akafunika kompyuta kwa kitambaa chake, akasema, "Basi sema hivyo kule." Nilimpigia meneja nikiwa bado mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema vizuri, mama abaki kazini, lakini habari hii isitoke. "Watu wakijua redio ilizika watu kimya, nani ataleta tangazo tena? Waambie ni mtandao." Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo, na sitajitetea.

Siku nne nilikula chakula cha Mama Ayiko nikiwa na ukweli wote kooni. Aliniuliza jioni ya kwanza, nikamwambia bado natafuta. Akaniamini, akaniongezea majani ya kunde. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi sikuogopa kuumbuliwa; niliogopa kufukuzwa kwenye kile kigoda. Hakuna mahali pengine duniani mtu alikuwa akinisubiri jioni. Ningemwambia ni mtandao, angekubali, angebaki na lawama ya wajomba zake mpaka kaburini, na mimi ningebaki na sahani yangu. Nilipima hivyo hasa, kwa siku nne, na kwa siku nne sahani ilishinda.

Ya tano tulikuwa tukimenya karanga. Nikasema yote bila kuinua kichwa. Ungo wake haukusimama. Nilisikia maganda yakivunjika, moja, moja, mpaka nilipomaliza. "Hiyo kisanduku," akasema hatimaye, "ilikuwa ya nini?" Nikasema ya watoto. "Kwa sababu hapana zaa?" Nikasema ndiyo. Aliweka ungo chini. "Pale Ludara walikuwa nacheka yeye," alisema. "Kwa pombe, kwa harusi, kila mahali. Lemi hapana mke, Lemi hapana mtoto, hata kuku yake nataga kwa jirani. Yeye nacheka pamoja nao. Mimi peke yangu nilijua iko nalia. Sasa hata mashini." Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Jioni hiyo sahani yangu ilikuja, imefunikwa, imewekwa kwenye kizingiti cha chumba changu. Na kesho yake hivyo, na siku iliyofuata. Hakuninyima chakula hata siku moja. Nilikula kitandani nikitazama ukuta, na sijawahi kula chakula kigumu kumeza kama kile.

Baada ya wiki tatu alisimama mlangoni pangu, amevaa kitenge chake cha kanisani. "Soma yeye," alisema. Nikamwambia imepita zaidi ya mwezi, meneja amekataza. "Mimi hapana uliza meneja. Wewe ulinyamazisha, wewe soma. Wajomba wangu wasikie, na Pajulu wasikie." Tukaliandika tangazo pamoja mezani, meza ikiyumba. Kazi niliipoteza kwa ajili ya maneno yale, niliambiwa kesho yake saa mbili, na niliondoka Arua mwisho wa mwezi. Nalisema hapa kwa kuwa siku ile lilikuwa jambo dogo. Nilimsomea Hajati kwa simu. Alichapa kwa vidole vyake viwili, akaondoa safu ya wajane, akaondoa safu ya watoto, akatuma. Akasubiri. "Inasema asante," alisema, na nilisikia anavuta pumzi. Msomaji wa Arua alisoma kila kilichotokea mbele yake, ndiyo ilikuwa kazi yake.

Mama Ayiko aliitoa redio jikoni akaiweka uwanjani juu ya kinu, akaifungua sauti mpaka mwisho. Mimi nilikaa kwenye kizingiti changu. Lilikuwa la tatu. Familia ya Ludara inatangaza kifo cha Lemi, fundi wa baiskeli, aliyefariki mwezi uliopita na kuzikwa nyumbani. Tangazo lake lililetwa siku ile ile na redio haikulisoma. Kosa ni la redio. Dada yake Poni wa Pajulu hakupewa habari, ndiyo sababu hakumzika. Marehemu ameacha dada, na baiskeli za watu wengi zinazotembea kwa mkono wake. Hayo ya baiskeli ni maneno ya Mama Ayiko mwenyewe, alinilazimisha niyaandike.

Msomaji alikuwa amekwisha kuanza la nne Mama Ayiko alipopiga ukelele. Sikuwahi kusikia sauti ile ikitoka kwake; nilidhani ameanguka. Ilipita juu ya mihogo, na papo hapo nikasikia milango ikifunguliwa. Walikuja kutoka kila upande wa boma, wanawake wakifunga vitenge njiani, wanaume na viti vichwani, mmoja akiwa bado na mwiko mkononi. Kwa mwezi mzima aliwaficha, kwa aibu ya yale aliyosemwa Ludara, na hawakujua. Bibi mmoja wa nyumba ya pili akamkamata mabega, akauliza kwa Kiswahili ili hata mimi nisikie, "Lakini redio inasema mwezi umepita. Ndugu yako alikufa lini?"

Mama Ayiko aligeuka akanitazama, mimi peke yangu, kwa muda uliotosha kuwaambia ni nani aliyelinyamazisha tangazo, kama angetaka.

"Leo," akasema. "Kwangu mimi amekufa leo."

"Basi tunalia leo," bibi akasema, akaketi chini mavumbini, na wote wakaketi. Mimi nikabaki nimesimama, kwa kuwa sikujua kama nina ruhusa, mpaka mtu nisiyemjua akanivuta mkono, akanikalisha katikati yao, akaniambia pole.